Jinsi Nilivyokufa kwenye Tovuti Niliyoitengeneza Mwenyewe

Ninyi mnaotengeneza tovuti kwa kuburuta vipande kwa kidole, hiki hapa, kile pale, msinionee huruma. Najua mnacheka nikisema ukurasa wangu wa kwanza ulinichukua wiki tatu na ulikuwa na sentensi mbili. Chekeni. Lakini ukurasa ule niliuandika alama kwa alama, na ulipofunguka kwenye kioo nilisimama nikapiga makofi peke yangu, hata watu waliokuwa wakisoma barua pepe zao mle kwenye kafe ya intaneti wakadhani nimepata viza.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Shule niliiachia darasa la sita, na si kwa ajili ya karo kama wengi. Mwalimu alikataa kuniambia redio inatoa wapi sauti, nikaenda kumuuliza fundi redio, na sikurudi. Baada ya hapo nimekuwa fundi redio, utingo wa lori, mpaka rangi wa nyumba, mpiga picha za pasipoti, mpishi wa wachimba dhahabu upande wa Kongo, na muuza miwani ya kusomea. Hakuna kazi niliyoikalia zaidi ya miaka miwili mpaka nilipofika kwenye hii ya tovuti, ambayo niliifanya hadi macho yaliponiambia basi. Kwa hiyo ninayowaambia ni ya mtu aliyejifunza ukubwani, kwa haraka, na mara nyingi kwa aibu.

Yote yalianza kwenye maziko.

Mimi ni mtoto wa nyumba za reli za Nsambya, Kampala. Baba yangu alikuwa mgeuza njia za treni, na tulikaa nyumba namba tisa. Kwenye kwota zile kulikuwa na watu wa kila upande: wa kaskazini, wa mashariki, Wakenya, hata Wakongo wachache, na lugha yetu ya uani ilikuwa Kiswahili. Hakuna aliyeitwa kwa jina la cheti. Mtu alikuwa na jina la utani na namba ya nyumba, basi. Mimi nilikuwa Kasuku wa Namba Tisa, kwa sababu nilirudia kila nilichosikia mpaka nikielewe. Jina langu la ubatizo, Dismasi, lilijulikana na padri na mama yangu tu.

Vita vilitutawanya. Wengine waliondoka kabla ya themanini na sita, wengine mwaka huohuo, wengine kazi za reli zilipokwisha. Miaka ikapita tukawa tunaonana kwenye misiba tu. Siku tuliyomzika dereva mmoja wa treni, alisimama juu ya benchi Bwana Wafula, aliyekuwa karani wa tiketi na ambaye sijawahi kumwona bila tai.

"Jamani, sisi tunakutana tukizikana. Hivi karibuni atabaki mmoja, na huyo atajizika mwenyewe. Tuitane tukiwa hai!"

Watu wakakubali. Tutafute uwanja, tutafute tarehe, tutangaze redioni. Mtu akasema siku hizi shughuli kama hiyo lazima iwe na tovuti, ili hata walio ng'ambo waone. Wote wakaafiki, kisha wakanitazama.

"Kasuku," akasema Wafula, "si wewe ulikuwa ukitengeneza redio?"

"Nilikuwa."

"Basi intaneti ni redio yenye picha. Utatutengenezea."

"Nitatengeneza," nikasema. Wakati huo sikujua hata kipanya cha kompyuta kinashikwa kwa mkono upi.

*

Mwalimu wangu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na sita. Aliitwa Mama Esperansi, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, na alikuwa na kafe ya kompyuta sita chini ya ghorofa moja huko Bukoto, ukuta kwa ukuta na saluni. Mlango ukifunguliwa, harufu ya nywele zilizoungua iliingia ikakaa nasi.

"Papa, unataka kufungua email?"

"Nataka kutengeneza tovuti."

Akaniangalia kuanzia viatu. "Weye?"

"Mimi."

"Ulishagusa kompyuta siku moja?"

"Nilishapaka rangi duka la kompyuta."

Akacheka mpaka akajishika meza. "Kaa hapa. Lakini ukiniuliza kitu kimoja mara tatu, nitakufukuza."

Nilimuuliza mara kumi, na hakunifukuza.

Siku zile hatukuwa na programu ya kukupangia ukurasa. Ulifungua karatasi tupu ya kompyuta, ukaandika maneno yako, na kuzunguka kila neno ukaweka alama za kuiambia mashine: hapa panaanza kichwa cha habari, hapa kinaishia, hapa panaanza herufi nene, hapa zinaishia. Wiki ya pili nilifungua ukurasa wangu nikakuta maandishi yote, kuanzia salamu mpaka mwisho, ni manene meusi kama tangazo la mkutano wa hadhara.

"Njo vile inakuwa," akasema Mama Esperansi, bila hata kuja karibu. "Hapa kwetu kila chungu unachofungua, unakifunika. Umefungua herufi nene, haukufunika. Sasa ona: mupaka chini kabisa watu wote wanapiga kelele."

Ushauri huo niliufanyia kazi miaka yote niliyobaki. Ukifungua chungu, andika kifuniko chake palepale, kabla ya kuweka chochote ndani. Halafu rudi katikati ujaze. Hata leo, nasikia programu zenu zinafunika zenyewe, lakini siku zikigoma mtajua nilikuwa nasema nini.

Picha ndizo zilizonitesa zaidi. Nilikusanya picha za kwota kutoka kwa kila mtu, za harusi, za komunyo, za timu ya mpira, nikazipitisha kwenye skana kwa ukubwa wote, maana niliona ni dharau kumpunguza mtu. Ya kwanza ilikuwa ya bibi harusi wa Namba Tatu. Ilifunguka kuanzia juu, polepole kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu: shela, paji la uso, macho. Ilipofika puani, muda aliolipia mzee mmoja wa kwota niliyekuwa nikimwonyesha ukaisha na kompyuta ikajifunga.

"Huyo alikuwa nani?" akauliza.

"Dada yako," nikamwambia.

Nikajifunza kuzikata na kuzipunguza mpaka uso ubaki uso na uzito uondoke. Sijui ninyi mnaopiga picha zenye uzito wa gunia la mchele mnaziweka wapi, lakini kumbukeni kuna mtu huko anazisubiri zifunguke kwenye simu ya mkopo.

Halafu kuna siku ya Nakivubo. Hiyo sitaki kuisimulia, lakini ina faida. Tovuti ilikuwa tayari nusu, na kule Bukoto nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, picha zote zikiwa mahali pake. Wafula akaita wazee wanane wa kamati kwenye kafe moja ya Nakivubo, ghorofani juu ya maduka ya viatu. Akasema maneno ya ufunguzi. Nikafungua. Maandishi yakaja vizuri. Lakini kila palipotakiwa picha palikuwa na kisanduku cheupe chenye alama ndogo nyekundu kama msalaba.

Wafula akainama, akarekebisha tai. "Kasuku. Hawa wote wamekufa?"

Nilirudi Bukoto na jasho. Mama Esperansi akatazama nilivyoandika, akapiga makofi mara moja.

"Papa, umeambia mashine picha ziko kwa meza yako. Kweli, ziko hapa, kwa hii kompyuta. Sasa mutu wa Nakivubo ataingia Bukoto kuchungulia meza yako? Pandisha nazo kwa tovuti! Picha zinasafiri pamoja na maneno."

Makosa ya aina hiyo yana ubaya mmoja: kwako unaona kila kitu kiko sawa. Usiamini kazi yako mpaka umeifungua kwenye mashine ya mtu usiyemjua, mtaa mwingine.

*

Jambo moja nililifanya vizuri, na nililifanya kwa sababu sikujua njia nyingine. Wataalamu wangepanga watu kwa majina. Lakini nani alijua majina? Nilipowahoji wazee, mtu hakukumbuka jina la jirani wa miaka ishirini, ila alikumbuka mlango. "Yule wa Namba Sita, mwenye mbwa mwenye jicho moja." Kwa hiyo nilichora ramani ya kwota, milango ishirini na minane kwa mistari minne, na kila mlango ukawa wa kubonyeza. Unabonyeza Namba Sita, unaingia, unakuta waliokaa humo, hata mbwa. Wazee waliokuwa wakiogopa kompyuta walikaa mbele yake wakigonga milango mpaka foleni ikafika saluni.

Milango ishirini na saba niliijaza. Mmoja niliuacha. Ukibonyeza Namba Kumi na Nne ulikuta picha ndogo ya mtu anachimba barabara na maneno "Ukurasa huu unatengenezwa."

"Namba Kumi na Nne si kwa Mama Adong?" Wafula aliniuliza. "Mbona hapana kitu?"

"Habari hazijapatikana," nikamwambia.

Zilikuwepo. Nilikuwa nazo zote, na sasa nawapa ninyi.

Mama Adong alikuwa mshonaji wa kwota nzima. Mumewe alikuwa gadi wa treni, watu wa kaskazini. Sare zetu zote za shule zilipita kwenye cherehani yake, ya mkono, nyeusi, nzito kama tofali tano. Siku zile za mwanzo wa themanini na sita, mapigano yalipokuwa yanaukaribia mji, watu wa kwao walianza kuogopa kisasi, maana jeshi lililokuwa linashindwa lilijaa watu wa kaskazini, wakapata lori la kuwapeleka kaskazini. Watoto, mabunda, magodoro. Cherehani haikupata nafasi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, sina mke, sina kazi maalumu. Akaniita mlangoni.

"Kasuku, kaa hapa kwetu. Vyombo wakitaka, wachukue. Hii cherehani usiache. Wiki mbili tu, tunarudi."

"Mama, utaikuta hapahapa."

Nililinda siku tisa. Bunduki zilipiga, zikanyamaza, na mimi nilikuwa nimejibana chini ya meza pamoja na cherehani, kweli. Siku ya kumi, asubuhi, barabara ilikuwa shwari. Nikasikia kuna lori linaondoka Nakivubo kwenda Busia, mpakani na Kenya. Sikuwa nimewahi kuona mpaka wa nchi yoyote. Nikabeba cherehani kichwani mpaka Nakivubo, nikampa mfanyabiashara mmoja, naye akanipa nafasi yake kwenye lori na koti alilokuwa amevaa.

Sikuwa na njaa. Hakuna aliyenitishia. Nilitaka tu kwenda.

Niliporudi Kampala miaka mingi baadaye, Namba Kumi na Nne ilikuwa na watu wengine. Kaskazini nako vita vilikuwa vimehamia huko, barabara mbaya, habari hakuna. Nilijiambia labda hawapo tena duniani. Ni vibaya kutafuta faraja katika jambo kama hilo, lakini niliitafuta. Na ndiyo maana, chini ya kila ukurasa niliotengeneza, niliandika "Imetengenezwa na Kamati."

"Papa, jina yako iko wapi?" Mama Esperansi aliuliza. "Fundi anaweka jina."

"Mimi si fundi."

"Basi nani alinisumbua hii miezi tano?"

*

Kamati ilitangaza redioni: waliokaa kwota za reli Nsambya watume majina, ya walio hai na ya waliofariki, kwa barua, kwenye kafe ya Bukoto. Barua zikaja kwa mabasi. Tuliwekeana utaratibu na Mama Esperansi: nikiwa sipo, yeye anafungua, anaandika majina, anapandisha kwenye tovuti. Ukurasa wa waliotangulia aliupenda kupita kiasi. Alikuwa amepata mahali fulani kijipicha cha mshumaa unaowaka na kuchezacheza, akauweka kando ya kila jina. Nilimwambia ni mingi mno, inaumiza macho. Akasema wafu hawalalamiki.

Nilikwenda Jinja wiki moja kuchukua picha kwa mzee mmoja. Niliporudi, nilimkuta Wafula amekaa mbele ya kompyuta ya kwanza, mikono kifuani.

"Karibu, marehemu," akasema.

"Nini?"

"Njoo ujisome."

Nikasogea. Mama Esperansi alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye kioo, chini ya maneno "Kutoka kwa Mama Adong, Namba Kumi na Nne", kulikuwa na majina matano. La kwanza la mumewe. La mwisho liliandikwa hivi: "Kasuku wa Namba Tisa. Mtoto wa jirani. Alibaki peke yake kulinda cherehani yangu, wakamuua. Mungu amlaze pema." Na pembeni, mshumaa wangu, unachezacheza.

"Papa, mimi sikujua Kasuku ni weye," akasema Mama Esperansi. "Mimi ninajua Papa Dismasi. Niliandika kenye iko mu barua."

Niliuliza barua iko wapi. Aliniletea. Iliandikwa na binti yake, Adong, kwa mkono mzuri. Baada ya kufika kaskazini walikutana na mtu aliyepita Nsambya, akawaambia: mlango wa Namba Kumi na Nne umevunjwa, ndani hakuna kitu, Kasuku hajaonekana tena. Wakaunganisha wenyewe.

Wafula alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Ssebo, bwana wee! Miaka yote hii hukutuambia wewe ni shujaa. Sasa sikiliza. Hapo 'wakamuua' tunafuta, tunaandika 'wakamjeruhi'. Mengine yabaki. Nitaisoma kwenye hotuba."

"Bwana Wafula..."

"Usione haya. Unyenyekevu una mipaka."

Vijana, kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Neno moja kufuta, jingine kuandika, kupandisha. Ningekuwa hai, na ningekuwa shujaa, na Mama Adong angefurahi mpaka siku ya kufa kwake. Vidole vilikuwa tayari juu ya kibodi. Sijui niwaambie nini kilichonizuia. Nadhani ni ule mshumaa. Nilishindwa kuutazama.

Chini ya barua kulikuwa na namba ya simu ya mkwe wa Mama Adong. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za saluni, nikapiga. Msichana akapokea, akaita, na baada ya muda ikaja sauti niliyoijua hata kabla haijasema neno la pili.

"Haloo? Nani?"

"Mama Adong, mimi ni mtu wa ile tovuti ya kwota." Ndivyo nilivyoanza, kwa woga.

"Aa, asante, mwanangu. Majina imefika?"

"Yamefika, mama. Moja lina kosa."

"Gani?"

"La Kasuku."

"Hiyo haina kosa. Hiyo mimi naombea kila Januari. Hiyo andika vizuri kabisa."

"Mama, Kasuku hakufa."

"Nani anasema?"

"Mimi. Ni mimi."

Nikasikia kuku, na mtoto anapiga kitu cha bati.

"Sema kitu Kasuku anajua," akasema.

"Shati langu la kwanza, mfuko uliuweka kulia. Kwa sababu natumia mkono wa kushoto."

Alipiga yowe ambalo lilinifanya nitoe simu sikioni. Nikasikia watu wanakimbia, wanaulizana kwa lugha yao, na yeye anawajibu, analia, anacheka. Kisha akarudi.

"Unaishi! Wewe mtoto! Unaishi!"

Hapo ningeweza kukata simu nikiwa mtu mzuri.

"Mama, cherehani hawakuichukua," nikasema. "Niliiuza."

"Nani aliuza?"

"Mimi. Siku ya kumi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipewa nafasi kwenye lori na koti."

"Koti."

"Ndiyo, mama."

"Cherehani yangu, kwa koti! Lilikuwa koti zuri?"

"Mikono ilikuwa mifupi. Ilifika hapa chini ya kiwiko."

"Mjinga wewe! Ungeniambia unataka koti, ningekushonea!"

Na akaanza kucheka. Alicheka sana, na katikati kicheko kikageuka kitu kingine. Alipoweza kuzungumza, sauti ilikuwa chini.

"Kasuku. Mimi sijashona tena. Adong alininunulia ingine, nikakataa. Nikiona cherehani naona wewe umelala chini. Mimi nasema, nimeua mtoto wa watu kwa sababu ya chuma. Miaka kumi na tisa."

Nilikuwa nimebeba aibu yangu muda wote huo nikidhani ni mzigo wa mtu mmoja. Sikujua kwamba huko kaskazini kulikuwa na mtu amebeba mzito zaidi, na wangu ndio uliomtwisha. Niliinamisha kichwa magotini pale kwenye ngazi, na wanawake wa saluni wakadhani nimefiwa. Nilitaka kuwaambia ni kinyume chake.

"Nisamehe, mama."

"Sasa usifute tu," akasema. "Toa mshumaa, andika. Andika: Kasuku anaishi. Aliuza cherehani ya Mama Adong kwa koti. Mama Adong amesikia."

"Niandike umesikia au umesamehe?"

"Andika nimesikia. Hiyo ingine tutaona nikikuona na macho."

*

Wafula alikataa katakata. Alisema ni aibu kwa kamati, kwamba mambo ya nyumbani hayawekwi mbele ya watu wa ng'ambo. Nikautoa mshumaa, nikaandika hivyohivyo palepale, na tena chini ya mlango wa Namba Kumi na Nne, na kwa mara ya kwanza nikaweka majina yangu, yote mawili, chini ya kazi. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu ujana.

Kesho yake asubuhi Wafula akanipigia kutoka kafe ya Nakivubo. Alikuwa na wazee wengine.

"Kasuku, hapa bado umekufa. Na bado ni shujaa. Labda mashine imekubaliana na mimi?"

Hili ndilo jambo la kazi nililotaka mlijue. Kompyuta ikishaufungua ukurasa, inajiwekea nakala, na safari nyingine inakuonyesha ileile ya zamani ili isihangaike. Mteja atakuapia kwamba hujafanya kazi. Usigombane naye.

"Juu ya kibodi kuna kitufe cha F5," nikamwambia. "Bonyeza."

"Nikibonyeza?"

"Nitafufuka, na utajua nilichofanya."

"Tunaweza kuacha tu..."

"Bonyeza, Bwana Wafula."

Akabonyeza. Nikamsikia anasoma kwa sauti ya karani, neno kwa neno, kama anatangaza treni. Kisha mzee mmoja nyuma yake akauliza, "Kwa koti?" na kafe nzima ikapasuka kwa kicheko. Nilishika simu nikawasikiliza wakinicheka, na kila walivyocheka ndivyo nilivyozidi kuwa mwepesi. Jambo nililoliogopa karibu miaka ishirini lilikuwa limetoka nje, na watu walikuwa wanalicheka na chai mkononi.

Siku ya kukutana watu walikuwa wengi kuliko viti. Kamati ilinipa kazi ya kupiga picha za tovuti, nami nilikuwa nimekodi kamera mpya nikajifunza vitufe vyake vyote. Nilikuwa nimepiga tatu tu wakati Mama Adong aliposhuka garini, Adong akimshika mkono. Amekuwa mdogo, mweupe kichwani. Wafula alikuwa kwenye hotuba. Mama akapita katikati ya watu, hakumsalimu yeyote, akaja akasimama mbele yangu.

"Simama vizuri."

Nikasimama vizuri. Akaniangalia uso, mikono, miguu, kama anayehesabu vilivyobaki.

"Umezeeka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Wafu hawazeeki." Akavuta kiti, akakaa, akavua begani mkoba wake mkubwa mweusi uliokuwa na vitu vyake vyote vya safari. Akaniwekea mikononi. "Shika hii. Mimi nakwenda kusalimia watu. Na usiende popote."

Akaondoka. Nikakaa kwenye kiti kile nikaukumbatia mkoba mapajani. Aligonga kila meza, akacheza ngoma mbili, akakaa na watu wa Namba Tatu saa nzima. Chakula nililetewa. Watu walikuja kuniita, Kasuku, njoo huku, picha ya pamoja, nikawaambia nina kazi. Mara mbili tatu nilimwona kwa mbali akigeuka kunitazama, kisha akaendelea na mazungumzo yake.

Ukifungua tovuti ile leo utaona picha za siku hiyo zimepinda, nyingine hazina vichwa. Alizipiga Wafula.